Nimekwama sura ya tisa: mke ana kosa, mume anapanga kumuua. Msomaji ajue lipi kwanza?

Fundi_Jogoo
Jumapili, saa nne usiku

Hamjambo wenzangu. Mimi ni fundi wa cherehani, nashona sare za shule Uhuru Market, Jogoo Road, mwaka wa kumi na saba huu. Nikishafunga kazi na kula, naandika hadithi. Nina wasomaji sitini na kitu, wengi wao kina mama wa sokoni na wa kanisani kwetu Umoja. Kila Ijumaa jioni nawatumia sura moja kwa WhatsApp, na nikichelewa, Jumamosi nasimamishwa hata kwenye foleni ya maji.

Hadithi ya sasa ni ya ndoa. Mume ni Bakari, ana duka la vipuri vya magari Kirinyaga Road. Mke ni Rehema, nesi wa zamu ya usiku. Wanakaa Donholm na binti yao wa gredi ya sita. Rehema ana mwanamume wa nje, dereva wa ambulensi wanayefanya kazi pamoja. Bakari amejua, na hajasema neno. Anakula, anaswali, anauliza habari za kazi. Chini kwa chini anatafuta mtu wa kumuua mkewe.

Sura saba za mwanzo nilimfuata Rehema: namna alivyoanza kupaka mafuta mazuri siku za kazi, namna alivyojifunza kuigeuza simu kifudifudi mezani. Nilizifurahia kuziandika, nakiri, maana mapenzi ya kuiba yana utamu wake kwenye karatasi. Sura ya nane ndipo Bakari anakaa kwenye kibanda cha chai nyuma ya duka na mtu asiyemjua vizuri, wanazungumza bei, na msomaji anaelewa kwa mara ya kwanza kwamba bei ile ni ya mtu. Nilipoituma nilidhani simu itajaa vilio.

Mama mmoja akaandika, "Si alijitakia." Wakaweka dole gumba watu kumi na tisa. Mwingine akaongeza, "Mwanamke wa zamu ya usiku ulitarajia nini?"

Sikulala. Niwaambie kwa nini. Tarehe 27 Januari 2024, siku ile maelfu ya watu walipoandamana nchini kupinga mauaji ya wanawake, nilifunga meza yangu nikaenda mjini. Kitambaa tulichobeba sisi wa soko nilikishona mwenyewe, mita nne za drili nyeupe, herufi nimezikata kwenye mabaki ya sweta nyekundu. Kati ya wale kumi na tisa wawili ndio walioshika ncha za kitambaa kile, mmoja huku, mmoja kule, wakilia. Kwa hiyo siwezi kusema wasomaji wangu wana roho mbaya. Naona kuna kitu nimekifanya mimi kwenye hadithi kikawafikisha hapo.

Ninachoshuku ni mpangilio. Niliwapa kosa la mke kwanza, sura saba nzima, halafu ndipo nikawapa kisu. Walikuwa wameshamhukumu kabla hatari haijafika. Je, nianze upya na njama ya mume ndiyo itangulie? Au niwe simwambii msomaji lolote mpaka mwisho? Tena, kuna wanaoamini kwamba mwanamume akimuua mke mzinzi sheria inamhurumia. Ni kweli? Na nimeshindwa kupata njia ya Rehema kugundua. Sitaki asikie mazungumzo mlangoni, hilo limechakaa.

Otis_Kayole
Jumapili, saa tano usiku

Mathe, ficha. Usimwonyeshe Bakari kabisa akipanga. Mwonyeshe mume mzuri tu, halafu sura ya mwisho, pap! Mume ndiye aliyelipa. Watu watapiga kelele mtaa mzima.

Fundi_Jogoo
Jumapili, saa tano na nusu usiku

Otis mwanangu, nimelifikiria hilo. Lakini nikificha mpaka mwisho, msomaji atashtuka mara moja tu, kisha atafunga simu alale. Mimi nataka aogope wiki sita. Nataka Jumatano akiwa anakatakata sukuma wiki ajiulize kama Rehema amefika nyumbani.

Karani_Mstaafu
Jumatatu, saa moja asubuhi

Bi Fundi, salaam. Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi, kazi yangu ilikuwa kuita majina ya kesi na kulinda mafaili. Hayo ya "sheria inamhurumia" nimeyasikia hata koridoni mwa mahakama ya Milimani, yakisemwa na ndugu wa mshtakiwa kwa sauti ya juu ili ndugu wa marehemu wasikie.

Uzinzi si kosa la jinai Kenya. Kwa ndoa ya Kikristo au ya kiserikali ni sababu ya kuomba talaka, imo katika Sheria ya Ndoa ya 2014, na hapo ndipo mkono wa sheria unapoishia. Ipo hoja ya kughadhabishwa, vifungu vya 207 na 208 vya Kanuni ya Adhabu. Ikikubaliwa, kosa linashuka kutoka mauaji ya kukusudia hadi mauaji bila kukusudia, na hata hilo la pili linaweza kumpa mtu kifungo cha maisha. Lakini lazima ghadhabu iwe ya ghafla, na tendo litendeke kabla hasira haijapata muda wa kupoa. Sasa mtazame Bakari wako. Amejua, amenyamaza, ametafuta mtu, amepatana bei. Amekula chakula cha jioni mara ngapi kati ya siku aliyojua na siku ya kibanda cha chai? Kila sahani aliyoimaliza ni ushahidi dhidi yake. Ukitaka kuwafunza wasomaji wako bila kuwahubiria, hesabu sahani hizo kwenye hadithi.

Jambo jingine ambalo waandishi wengi hulikosea: hadi pale kwenye kibanda, kabla damu haijamwagika, Bakari ameshatenda kosa. Kula njama ya kuua ni kifungu cha 224, hadi miaka 14. Akijaribu na Rehema akapona, ni kujaribu kuua, kifungu cha 220, na adhabu yaweza kufika maisha. Akiua, ni 203 na 204, adhabu ya kifo. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 14 Desemba 2017 jaji halazimiki tena kutoa kifo, anaweza kusikiliza utetezi wa kupunguziwa, na kunyonga hasa hakujafanyika nchini tangu 1987. Kesi ya mauaji husikilizwa Mahakama Kuu, jaji peke yake, hakuna baraza la wazee wa mahakama siku hizi. Na kabla ya kujibu shtaka, mshtakiwa hupelekwa kupimwa akili, hapa Nairobi mara nyingi ni hospitali ya Mathari. Usimwandike akisomewa shtaka asubuhi ya kukamatwa na kesi ikaanza mchana.

Kama anaua kwa ajili ya ploti, mwambie asijisumbue. Umewaandika Waislamu, na katika sheria ya Kiislamu muuaji hamrithi aliyemuua. Kwa wengine, kifungu cha 96 cha Sheria ya Urithi kinasema hivyo hivyo.

Nimeacha la kuogofya mwisho. Chini ya Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010, kila mshtakiwa ana haki ya dhamana ila pakiwa na sababu nzito ya kumnyima. Hata wa mauaji. Bakari akikamatwa kwa njama, anaweza kutoka. Atapewa masharti asimkaribie shahidi, lakini atatoka, atapanda matatu ya Donholm kama watu wengine, na Rehema atakuwa anajua saa aliyoachiliwa. Mimi nimewaona wake wa namna hiyo wakisimama kwenye ngazi za mahakama, hawajui waelekee upande gani.

Fundi_Jogoo
Jumatatu, saa tatu asubuhi

Mzee Karani, Mungu akuzidishie. Nimesoma mara tatu huku wateja wakinisubiri. Hizo sahani nitazihesabu. Swali moja: mke anaweza kutoa ushahidi dhidi ya mumewe? Kuna mtu aliniambia haiwezekani.

Karani_Mstaafu
Jumatatu, saa tano asubuhi

Kwa kawaida mke halazimishwi kutoa ushahidi wa kumtia hatiani mumewe. Ila kosa likiwa ni juu ya mwili wake mwenyewe, anaitwa, na akiitwa lazima aje. Hapo ndipo hadithi yako itakaporudi kwenye lile neno la "alijitakia", kwa sababu wakili wa utetezi atamuuliza: tarehe fulani ulikuwa wapi, na nani, mlango ulifungwa na nani. Nimesikia mwanamke akiulizwa hayo mkono ukiwa bado umefungwa bandeji. Alijibu yote. Jaji aliandika. Nilitamani siku hiyo karani awe na ruhusa ya kusema.

Zamu_ya_Usiku
Jumatatu, saa nane mchana

Dada Fundi, nimeamka sasa hivi nikakuta hii. Mimi ni nesi, hospitali nisiyotaka kuitaja, usiku nimeufanya miaka tisa. Nina neno la uchungu kwanza halafu la msaada.

La uchungu: tumechoka kuwa wazinzi wa kila hadithi. Ukimweka Rehema na dereva wa ambulensi, umeshamwandikia yule mama wako sentensi yake ya "ulitarajia nini". Unajua zamu ya usiku ilivyo? Tunaingia jioni, tunapokezwa wagonjwa kitanda kwa kitanda, huyu ameongezwa maji, huyu hajakojoa tangu mchana. Saa tisa usiku miguu imevimba, unakula wali baridi umesimama. Anayetaka mapenzi saa hiyo ni wa kupongezwa. Mtoe huyo dereva. Kama lazima Rehema akosee, akosee nje ya kazi yake, mahali ambapo na huyo mama wa dole gumba angeweza kukosea.

La msaada sasa. Nesi wa usiku na mume wa dukani wana ndoa ya mlangoni. Yeye anarudi asubuhi wakati mume anatoka. Wanakutana pale mlangoni dakika tano, labda kumi. Mtoto ameshakwenda shule. "Umeshindaje?" "Salama." "Kuna chai kwenye thamosi." Basi. Ndoa yangu mwenyewe iliishi kwenye thamosi miaka minne. Mume mwenye mpango mbaya ana saa kumi na mbili za usiku nyumba ikiwa yake, na asubuhi ana mke aliyelala fofofo mchana kutwa, mapazia yamefungwa, simu imezimwa sauti. Unaona hatari ilipo? Si usiku. Ni saa nne ya asubuhi Donholm, watu wote wamekwenda kazini, kuna sauti ya mtu anapita akiuza mayai tu.

Na kugundua: usimfanye agundue vizuri. Mwanamke mwenye siri yake, akiona mume naye anaficha simu, hafikirii kifo. Anafikiria mwanamke mwingine. Na unajua atahisi nini? Ahueni. Atasema moyoni, kumbe sote. Atapumua. Pengine siku hiyo ndiyo atampikia biriani.

Fundi_Jogoo
Jumatatu, saa mbili usiku

Dada, hapo kwa biriani nimeweka simu chini nikatembea mpaka kwa lango na kurudi.

Umenishika pabaya na ninakubali. Dereva wa ambulensi nimemtoa leo leo. Sasa ni mtu waliyesoma naye Machakos, wakakutana tena kwenye mazishi ya mwalimu wao. Mkewe huyo mtu alifariki. Kilichoanza ni Rehema kumpigia amkumbushe kumeza dawa za presha. Nimeandika sura yake usiku mmoja, ikaja yenyewe. Samahani kwa lile la kwanza, kwako na kwa wenzako.

Wakala_Innercore
Jumatatu, saa tatu usiku

Mama Fundi, mimi nina kibanda cha M-Pesa huku Innercore, pengine tumeshaonana. Kuhusu malipo ya Bakari, usimwandike akituma pesa kirahisi kama kwenye sinema. Ukituma, kabla hujathibitisha, jina la mwenye laini linakutokea kwenye kioo. Anayekwenda kutoa anaonyesha kitambulisho, na kumbukumbu inabaki: jina, kiasi, saa. Wapelelezi wakija, kumbukumbu hiyo ndiyo wanayoiomba. Kwa hiyo akituma, ameacha nyayo mahali pa tatu: simu yake, simu ya yule, na kumbukumbu za mtu kama mimi ambaye hajui chochote.

Lakini naona ndoa nyingi hapa dirishani, na hili nakupa bure. Watu wanafuta ujumbe wa M-Pesa wakidhani wamemaliza. Hawakumbuki nani hushika simu zao. Kwangu nyumbani, mwenye kushika simu yangu kuliko mimi ni mwanangu. Tokeni za stima zikiisha, mimi nanunua, naye anasoma zile tarakimu 20 mama yake akibonyeza kwenye mita. Simu iko mkononi mwake dakika nzima, iko wazi, na kila ujumbe unaoingia unapita juu ya kioo.

Otis_Kayole
Jumatatu, saa tatu na nusu usiku

Waaah. Nimetoa wazo langu la kwanza. Hii ya tokeni imeniua.

Mzee_Dagoretti_Corner
Jumanne, saa kumi na moja alfajiri

Mama, nimeisoma nikisubiri adhana. Nilikuwa dereva wa watalii miaka thelathini na ushei, na kuna kisa nilichokuwa nikiwasimulia wageni nikifika njia panda ya Karen na Ngong Road. Pengine kitakufaa kwa huyo Bakari wako.

Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, wafanyakazi wawili wa gari la maziwa, Waafrika, walikuta gari aina ya Buick limeacha barabara karibu na njia panda hiyo. Ndani mlikuwa na maiti ya Lord Erroll, Josslyn Hay, mkubwa katika serikali ya kikoloni, amepigwa risasi kichwani. Bwana huyo alikuwa na mapenzi ya wazi na Diana, mke wa Sir Jock Delves Broughton. Diana na Broughton walikuwa wameoana Novemba 1940 tu, miezi miwili nyuma. Mume alikuwa na miaka 57, mke 27. Walikuwa wamepatana kabla ya ndoa kwamba mke akipenda kijana mwingine, mume hatamzuia, tena atampa pauni 5,000 kwa mwaka.

Jioni ya tarehe 23 walikula pamoja klabu ya Muthaiga, mume, mke na mpenzi wa mke. Broughton akainua glasi akawatakia heri hao wawili mbele ya wenzao. Akamwomba Erroll amrudishe Diana nyumbani Karen kabla ya saa tisa usiku. Erroll alimrudisha. Alipoondoka hakufika mbali.

Broughton alishtakiwa, na tarehe 1 Julai 1941 akaachiliwa. Risasi hazikulingana na aina ya bastola aliyokuwa nayo. Desemba 1942 alikufa Liverpool kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kutiwa hatiani, kwa hiyo mimi simwiti muuaji, na wageni wangu nilikuwa nikiwakataza. Lakini kila nilipofika kwenye glasi ile, gari lilikuwa kimya. Hawakunyamaza kwenye maiti. Walinyamaza kwenye glasi.

Kwa hiyo Bakari usimfanye mkali. Mfanye awe mpole kuliko siku zote. Atengeneze hiyo thamosi yeye mwenyewe.

Na wale wawili wa gari la maziwa, mama. Vitabu vimejaa mavazi ya Diana na farasi wa mabwana, lakini hao waliosimama gizani na ile maiti hupewa mstari mmoja. Kama katika hadithi yako kuna muuza mayai, mpe zaidi ya mstari mmoja.

Fundi_Jogoo
Jumanne, saa tano usiku

Mzee wangu, shikamoo, na asante. Muuza mayai nimempa jina na sura.

Nimeketi kuanzia saa mbili. Sura ya nane, ile ya kibanda cha chai, nimeihamisha ikawa ya kwanza. Msomaji akifungua tu anamkuta mtu mpole mwenye grisi kwenye kucha akipatana bei, na hajui bado ni ya nani wala kwa nini. Neno la mwisho la sura ile sasa ni Bakari anamwambia yule mtu, "Mlango wa nyuma una komeo bovu. Nitamwambia nimemtafuta fundi." Sura ya pili ndiyo ninayowabandikia hapa kipande:

*Stima ilipotea saa kumi na mbili, Rehema akiwa amevaa sare, bado kiatu kimoja. Bakari alinunua tokeni akampa binti simu, akarudi kwenye zulia kumalizia kukunja nguo. Rehema alipanda kwenye stuli chini ya mita, tochi ya simu yake mwenyewe ameibana kwa meno.*

*"Soma polepole."*

*"Nne, sita, moja, moja."*

*Vitufe vililia kimoja kimoja.*

*"Sifuri, tisa, tisa, mbili. Mama, kumeingia ujumbe."*

*"Wa nani?"*

*"Hauna jina. Umesema, 'Mlango nimeuona.'"*

*Rehema alitoa tochi mdomoni. Alimtazama mumewe aliyekuwa akikunja shati lake la kazi, kwapa kwa kwapa, kama alivyofundishwa na mama yake. "Ni yule fundi wa komeo," alisema Bakari. "Afadhali. Nilidhani amenisahau." Kisha akamwambia binti, kwa upole, aendelee kusoma.*

*"Tano, tatu," akasema mtoto.*

Kosa la Rehema nimelipeleka sura ya tatu. Nimeliandika lote, sikumsafisha. Anadanganya, anamdanganya hadi mtoto, na kuna mahali anafurahia kudanganya. Kama msomaji atamkasirikia, amkasirikie. Nataka tu awe anamkasirikia huku akisikiliza mlango wa nyuma.

Zamu_ya_Usiku
Jumatano, saa mbili asubuhi

Nimeisoma kwenye matatu nikirudi kutoka zamu. Nimefika nyumbani, kitu cha kwanza nimekwenda kuangalia komeo letu. Dada, na biriani je?

Fundi_Jogoo
Ijumaa, saa moja usiku

Biriani ni sura ya tano, dada yangu. Anaipika Jumapili, akiamini Bakari ana mwanamke Pangani. Anaweka nyama nyingi upande wa mumewe.

Nimekuja kuwaambia kilichotokea. Kundi langu la Ijumaa limeshajua yote, siwezi kuwarudisha nyuma, kwa hiyo nimewaambia wiki hii hakuna sura na nimekubali kutukanwa. Lakini hapa sokoni tuko mafundi watano kwenye kibanda kimoja, na wanne hawamo kwenye kundi. Nikawasomea wakati wa chakula, sura moja kila siku, Jumatano, jana na leo.

Jumatano, kibanda cha chai, walisikiliza huku wakila. Jana, tokeni, mmoja alisimamisha cherehani akiwa katikati ya mshono wa kaptula. Leo nilikuwa na sura ya tatu mkononi na mikono inatoka jasho. Kati yetu yupo mama mmoja mwenye maneno makali, ambaye akisikia habari ya mwanamke aliyeuawa, swali lake la kwanza ni alikuwa na nani. Namheshimu, ndiye aliyenifundisha kukata kola. Nilisoma yote: mazishi ya mwalimu, dawa za presha, chumba cha mgeni Machakos, uongo aliomwambia mtoto kwamba anakwenda semina. Nikafika mwisho. Nikakunja karatasi. Nikangoja lile neno.

Akakaa kimya kwa muda, anavuta uzi kwenye sweta ambayo haikuwa na kasoro. Halafu akaniuliza, "Akiwa huko Machakos, mtoto analala na nani? Na lile komeo limetengenezwa?"

Nikamwambia bado.

"Basi soma ya nne," akasema. "Wateja wangoje."